Kitanda cha Mtu Anayelala Mchana

Nina swali, na usilijibu haraka. Ukifika bwenini siku ya kwanza ukakuta dabo deka haina mtu, utachagua juu au chini? Najua wengi mtasema juu. Huko juu hakuna anayekuja kukukalia godoro, wala hakuna miguu ya mwenzio inayoning'inia mbele ya pua yako. Haya, swali la pili. Deka hiyohiyo iko ndani ya kibanda cha bati kisiwani, na wewe unakwenda kulala saa tatu asubuhi kwa sababu usiku kucha ulikuwa ziwani ukivua dagaa. Bado unataka juu?

Hadithi yenyewe ni ya deka tatu zilizotengenezwa Kiseke. Watu wake nimewatunga, lakini vipimo, mbao na joto ni vya kweli. Asiyeamini achukue futi ya kupimia akahakikishe.

Kiseke ni kata ya Manispaa ya Ilemela, Mwanza. Ni mahali penye mawe makubwa ambayo hakuna aliyeweza kuyasogeza, kwa hiyo watu wamejenga nyumba zao kwa kuyazunguka. Kando ya barabara moja ya huko palikuwa na karakana ya fundi seremala, mzee wa maneno machache, na mjukuu wake wa darasa la sita. Binti huyo akitoka shule hushinda pale akizoa maranda na kuyajaza kwenye magunia, maana wafuga kuku huyanunua.

Jumamosi moja akaja tajiri, mwenye mitumbwi na nyavu, ambaye kambi yake iko kisiwani upande wa Ukerewe.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Karibu, tajiri."

"Nina wavuvi sita. Kibanda changu ni futi kumi kwa kumi. Nataka vitanda viwili tu, kila kimoja ghorofa tatu. Upande mmoja walale watu, upande wa pili niweke nyavu na petroli."

Fundi hakumjibu. Alimgeukia mjukuu wake. "Mama, hebu mpigie hesabu."

Binti akachukua kipande cha mkaa, akaanza kuandika ukutani. Mfuate pole pole, kwa sababu hesabu hii ndiyo roho ya kitanda chochote cha juu na chini. Godoro la chini uso wake uwe sentimita 50 kutoka sakafuni, ili chini yake liingie begi au tranka. Mtu mzima akiketi wima, kutoka makalio hadi utosini ni kama sentimita 90. Kwa hiyo sakafu ya kitanda cha pili isianze chini ya sentimita 140, la sivyo kila atakayeamka ataamkia kupigwa kichwa. Mbao za kitanda hicho unene wake sentimita 10, godoro la inchi nne sentimita 10 nyingine, tunafika 160. Wa pili naye ana haki ya kuketi: 160 na 90 ni 250.

"Ukuta wako una urefu gani, tajiri?" fundi akauliza.

"Futi nane na kitu."

Futi nane na kitu ndiyo sentimita 250. Ghorofa mbili zinaingia kama zilizopimiwa, na mtu wa tatu godoro lake lingekuwa kwenye sentimita 270.

"Huyo wa tatu," fundi akasema, "tutamlaza juu ya bati."

Tajiri akacheka, maana hakuwa mtu mbaya. Bakhili kidogo, labda. Petroli nayo fundi aliikataa kabisa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni, na kijiti kimoja cha kiberiti kinatosha. Mafuta yakae banda lake, mbali na watu, na nyavu nazo zitoke chumbani. Nafasi ikapatikana hapohapo, na binti ndiye aliyeona jinsi ya kupanga deka tatu badala ya mbili. Alichora chumba kwa mkaa: deka moja ikalazwa kwa urefu kwenye ukuta wa nyuma, ikala futi tatu za kina cha chumba. Zikabaki futi saba. Deka mbili nyingine zikasimama kila moja kwenye ukuta wa pembeni, zikitazamana. Tatu na tatu ni sita, toa kwenye kumi, unabaki na ujia wa futi nne katikati, mlango mbele, na pembe mbili za nyuma za kuwekea mabegi. Watu sita, wote wanaketi wima. Chora na wewe uone.

Alipomaliza kuchora, binti akasema, "Babu, kwenye simu ya mama nimeona wavuvi wana nyumba juu ya barafu, katikati ya ziwa. Na ndani mna deka!"

Tajiri alidhani mtoto anaota. Haoti. Huko Minnesota, kaskazini mwa Marekani, jimbo wanakoishi Wasomali wengi na Wakenya pia, maziwa huganda kila msimu wa baridi. Barafu ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu, na samaki wanaendelea na maisha yao chini yake. Idara ya maliasili ya huko huwaambia watu wasikanyage barafu mpya isiyofika unene wa sentimita 10. Ikinenepa sana hubeba hata magari, na hapo wavuvi huvuta vijumba vyao hadi katikati ya ziwa, hutoboa tundu kwa keekee kubwa, huteremsha ndoana na kungoja. Mwezi wa tatu sheria huwataka wawe wameviondoa, kwa sababu barafu huanza kulainika.

Usingizi wao umepangwa kwa akili sana. Vitanda vingi vimefungwa ukutani kwa bawaba, vinakunjwa mchana ili tundu lililo chini yake litumike. Na pembeni mwa kitanda hugongomelewa kigurudumu kidogo cha kukunjia mshipi, chenye vipande vya chuma ndani. Samaki akivuta usiku wa manane, kigurudumu hulia kwa makelele, na mvuvi huteremsha mkono tu kutoka kitandani. Ni mahali pachache sana duniani mtu anaweza kuvua samaki akiwa amejifunika blanketi.

Sasa sikiliza hili. Ndani ya kijumba hicho huwaka hita ya gesi. Hewa yenye moto hupaa, yenye baridi hukaa chini. Aliye kitanda cha chini sakafu inamtia baridi ya miguu, aliye juu analala amefunua kifua. Ziwa Victoria haliwezi kuganda, liko juu kabisa ya mstari wa Ikweta, lakini hewa ya kibanda cha tajiri inafuata kanuni ileile. Bati likipigwa na jua la saa saba mchana, joto lote linajikusanya juu. Kule Minnesota joto la kitanda cha juu wanalitafuta kwa gesi ya kununua, huku kwetu mvuvi hupewa bure na halitaki.

Na kwa nini alale saa saba mchana? Kwa sababu dagaa huvuliwa gizani. Taa ikiwaka juu ya maji, dagaa huufuata mwanga, wavu huzamishwa, huvutwa. Zamani taa zote zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi wanatumia taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Mbalamwezi ikijaa, taa hainogi tena, dagaa wanatawanyika, na wavuvi hupumzika siku kadhaa hadi giza lirudi. Mwezi huchukua siku 29 na nusu hivi kurudi pale ulipoanzia, na maisha ya kambi nzima yanakwenda nao. Kwa hiyo kitanda cha mvuvi wa dagaa kina kazi mbili: wakati wa giza hulaliwa mchana kwenye joto, wakati wa mbalamwezi hulaliwa usiku, na usiku wa ziwani, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, una ubaridi wa kutosha kumfanya mtu atafute shuka la pili.

Fundi alimwambia tajiri awalete wavuvi wenyewe.

"Wote sita?"

"Unanunua viatu bila miguu?"

Wakaja siku za mbalamwezi, vijana wanne na watu wazima wawili, mikono yao ikiwa na sugu za kamba. Fundi alichora kwa chaki sakafuni mstatili wa futi tatu kwa sita, akamwambia mrefu kuliko wote alale. Kijana akajinyoosha chali huku wenzake wanamcheka. Visigino vyake vikatoka nje ya chaki.

"Geuka ulale unavyolala siku zote."

Akajikunja kiubavu, mkono mmoja chini ya shavu. Magoti yakakaribia mstari wa upande mmoja, makalio yakakaribia wa upande wa pili. Hapo ndipo fundi aliposema upana wa futi mbili na nusu, ule wa mabweni mengi ya shule, hautafaa, na kwamba huyu kijana atengenezewe deka ya futi sita na nusu.

Binti akakunja uso. Alikuwa ameshapiga hesabu ya mbao. Mbao za dukani huuzwa futi 12. Ukiikata katikati unapata mifumbati miwili ya futi sita, zile mbao ndefu za ubavuni, na hakuna kinachobaki. Matendegu yake pia ni futi sita, yaani sentimita 183, kwa hiyo yanapanda juu ya godoro la pili kwa sentimita 23 na kukupa mahali pa kufungia ukingo. Kila kitu kilikuwa kimekaa sawasawa. Futi sita na nusu inaharibu: mbao moja inatoa mfumbati mmoja, na kipande cha futi tano na nusu kinabaki.

"Vipande vingapi vitabaki?" babu akauliza.

"Deka ina mifumbati minne. Vinne."

"Kata futi tatu kwenye kila kimoja."

Akaona. Vipande vinne vya futi tatu ndivyo vitakizo, mbao za kuunganisha matendegu upande wa mchago na upande wa miguu, juu na chini. Na vile vinne vinavyobaki, vya futi mbili na nusu, ni vipandio vya ngazi. Hakutupwa kitu. Godoro la futi sita litapungukiwa nusu futi miguuni, na hapo patajazwa kipande cha godoro kuukuu.

Mbao fundi alizochagua zilikuwa za msonobari kutoka shamba la miti la Rubya. Nalitaja kwa sababu lina kichekesho chake: Rubya iko Ukerewe. Mti ulikatwa kule, ukavuka ziwa kuja Mwanza kama mbao, na sasa utavuka tena kurudi kama kitanda.

Chaga nazo, zile mbao za kulalia godoro, zina siri. Fundi mvivu huweka sita au saba, na baada ya mwezi godoro linazama kwenye mapengo na mgongo unalalamika. Fundi wetu alitumia chaga za upana wa sentimita 10 na kuacha nafasi ya sentimita 5 kati yake. Piga: kitanda cha futi sita kinakula chaga 12, cha futi sita na nusu 13. Vitanda vinne vya kawaida na viwili virefu, jumla chaga 74. Mbao ya futi 12 inatoa chaga nne. Kwa hiyo mbao 19, ya mwisho inakatwa nusu tu. Zile sentimita 5 ni za hewa. Mvuvi hurudi alfajiri nguo zimelowa, ngozi imelowa, na godoro lisilopitisha hewa chini huota ukungu. Ndiyo maana pia fundi alimkataza tajiri kuyaacha magodoro kwenye nailoni zake za dukani. Nailoni inazuia maji, lakini jasho nalo inalifungia palepale.

Ngazi. Hapa mwenye kulala bweni anajua ninachosema. Deka nyingi za chuma ngazi yake ni nondo, na ukiikanyaga pekupeku usiku unahisi kila kidole kinakulaumu. Vipandio vya fundi vilikuwa bapa, vya upana wa kutosha kukanyagia wayo, kingo zimepigwa msasa. Halafu akafanya jambo ambalo mimi ningelisahau: aliuliza mikono. Mtu aliyevuta kamba ya wavu usiku kucha vidole vyake havikunjiki vizuri asubuhi. Basi tendegu la upande wa ngazi akalizungusha kwa randa pale juu, likawa duara la kushika kwa kiganja kizima.

Ukingo wa kitanda cha juu haukuwa na mjadala. Marekani sheria inataka upande huo uzidi uso wa godoro kwa inchi tano angalau, kama sentimita 13, na inaonya kwamba mtoto wa chini ya miaka sita asilale juu. Fundi hakuwa na habari ya sheria hiyo. Wa kwake ulizidi kwa sentimita 20. Ukinunua godoro nene zaidi, kumbuka, ukingo unapungua. Wenye kununua godoro la inchi nane na kuliweka deka ya juu wanalala kwenye ukingo wa paa bila kujua.

Kisha likaja lile la joto, na hili halikuwa la kitanda peke yake. Fundi alimuuliza tajiri ziwa liko upande gani wa kibanda. Nyuma, akajibu. Vizuri. Mchana nchi kavu hupata moto haraka kuliko maji, hewa yake hupaa, na hewa ya ziwani, iliyo na ubaridi, hukimbilia kujaza nafasi hiyo. Ndiyo maana upepo wa mchana mara nyingi hutoka ziwani, na usiku hugeuka. Basi toboa dirisha ukuta wa nyuma, usawa wa kitanda cha chini, na upande wa mlango acha upenyo mrefu juu kabisa, chini ya bati. Upepo unaingia chini ukiwa baridi, unasukuma joto, joto linatoka juu. Chini ya bati tandika mikeka au magunia, ukiacha kiganja cha nafasi kati yake na bati. Mtu wa juu bado atapata joto zaidi ya wa chini, hakuna ujanja wa kulifuta kabisa, lakini ataweza kusinzia.

"Na mwanga?" akauliza mmoja wa watu wazima. "Jua linatupiga machoni. Ukifunga dirisha unaiva, ukifungua hulali."

Hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mwili wa binadamu hutumia mwanga kama saa. Ukiona jua, unadhani ni wakati wa kazi. Fundi hakutaka kufunga dirisha. Alipanga waya ugongomelewe juu ya kila kitanda, ili kila mvuvi avute pazia lake la kitenge kizito upande wa kichwani tu. Giza machoni, upepo mwilini. Chandarua cha wa chini kitafungwa kwenye chaga za juu, cha wa juu kwenye mbao za paa. Na ikinyesha mvua, jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata kwa dakika kumi za chai: mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomuua mtu usingizini. Wale wa Minnesota wenye hita hufunga king'ora cha kuitambua. Kambini king'ora ni mlango: jiko likae nje yake.

Nani alale juu? Wakabishana pale karakanani kama nusu saa. Vijana walitaka chini, wazee walitaka chini. Kijana mrefu akasema yeye atakwenda juu wakati wa mbalamwezi, kwenye ubaridi, na giza likirudi mwenzake ampishe, na hapo wote wakaanza kuzungumza kwa pamoja. Sijui waliishia wapi. Fundi aliwarudisha kwenye kazi kabla hawajamaliza.

Deka zilifungwa kwa bolti, si misumari. Kunguni hujificha kwenye maungio, na kitanda kinachofunguka unaweza kukimwagia maji ya moto kila pembe. Zaidi ya hapo, deka nzima haingii kwenye mtumbwi. Binti akaandika namba kwenye kila ungio, moja kwa moja, mbili kwa mbili, hadi mwisho, kisha mbao zikapakiwa kwenye kirikuu kuteremka Kirumba, Mwaloni, kwenye mitumbwi inayovuka visiwani.

"Zikikaa kwenye joto la bati zitakauka na kunywea," fundi akamwambia yule mtu mzima, "bolti zitalegea, mtaanza kusikia kitanda kinalia. Giza la kwanza likiisha, kazeni tena." Akampa spana namba 13. Halafu akaichukua, akaifunga kwa kamba ya katani kwenye tendegu lenye namba moja, isije ikaenda kufungulia injini.